Upo? Nipo

Goli la netiboli liko juu mita 3.05, sawasawa na la mpira wa kikapu, ila lenyewe halina ubao. Hakuna cha kugongeshea mpira ukakuhurumia. Ukidaka ndani ya nusu duara una sekunde tatu, utoe pasi au ufunge, na mbele yako kuna beki ambaye sheria inamtaka asimame sentimita 90 kutoka mguu wako lakini haimkatazi kunyoosha mikono mpaka uone vidole vyake vikubwa kuliko pete. Nimecheza GS, yaani mfungaji (kwenye netiboli kila mchezaji huvaa herufi za nafasi yake), kuanzia sekondari hadi namaliza chuo. Magoli niliyofunga sina hesabu yake. Ninalolikumbuka ni moja, na halikuingia.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya vyuo, Dodoma, upepo wa saa kumi ukitupepetea vumbi. Tuko sare na filimbi ya mwisho iko karibu. Senta wetu akanirushia pasi ya juu, nikaidaka, beki akateleza. Nikabaki mimi na pete. Hata mtoto angesema hilo ni goli la bure. Lakini katika zile sekunde tatu mimi nilisafiri. Nilifika Mkuyuni kwa mama, ambaye tangu juzi yake alikuwa amewatangazia wauza nyanya wenzake kwamba binti yake anacheza fainali. Nikapitia kwenye sapu mbili, mitihani ya kurudia, zilizokuwa zinanisubiri chuoni. Nikamsikia kocha akisema, kama alivyosema asubuhi, "Ukikosa leo tutaongea kwenye basi." Halafu nikarudi uwanjani na kuanza kujielekeza: kiwiko, nyoosha kiwiko, kama mtu aliyeshika mpira leo kwa mara ya kwanza. Mpira ukagonga ukingo wa mbele wa pete ukatoka. Dakika za nyongeza tukafungwa.

Kwenye basi kocha hakuongea. Manyoni kimya, Singida kimya. Tulipofika Nzega, wenzangu wameshuka kununua mahindi ya kuchoma, akageuka kwenye kiti chake akaniambia, "Si nilikwambia utulize akili?"

Alikuwa ameniambia kweli. Tangu nikiwa darasa la sita nimeambiwa nitulize akili, niweke akili mchezoni, nisiwe na papara. Walimu wa michezo wamenifundisha namna ya kukunja goti, namna ya kupokea pasi hewani na kutua bila kuvuta mguu, namna ya kufunga bandeji kwenye kifundo. Akili niliambiwa tu niitulize, kama mtu mwenye kwikwi anavyoambiwa aache kwikwi.

Miaka kumi na tatu baadaye mimi ndiye niliyesimama pembeni ya kiwanja na filimbi shingoni. Nafundisha timu ya netiboli ya chuo kimoja hapa Mwanza, jioni baada ya kazi yangu ya kutwa. Mwaka jana nilikuwa na mfungaji ambaye mazoezini hakosi. Mnajua wachezaji wa namna hiyo, kila timu inaye: siku ya mazoezi ungempa kombe, siku ya mechi mikono inakuwa ya mtu mwingine. Siku moja tukiwa nyuma kwa magoli mawili, robo ya nne, akakosa mara mbili mfululizo, na mimi nikajisikia nikipaza sauti: "Tuliza akili wewe!" Akaniangalia. Yale macho nilikuwa nayafahamu, yalikuwa yangu ya Nzega.

Nilianza kutafuta namna akili inavyofundishwa. Rafiki yangu ambaye ni muuguzi alikuwa ameshawahi kunitumia faili za sauti kwa WhatsApp wakati nina mtoto mchanga na usingizi umenikimbia. Mmarekani mwenye sauti ya mtu aliyeshiba anakwambia ulale chali, usikilize kidole gumba cha mguu wa kushoto, kisha unyayo, kisha kifundo, unapanda hivyo mpaka utosini, unapekua mwili wako taratibu kama mgambo wa stendi ya Nyegezi anavyopekua begi. Mara zote nilisinzia nikiwa magotini. Kama dawa ya usingizi ilifanya kazi yake, na sikujua kwamba ndicho kitu chenyewe ambacho wanamichezo wa vyuo vya kwao wanafundishwa kama sehemu ya mazoezi.

Aliyeyapa mazoezi haya, ambayo kwa Kiingereza huitwa mindfulness, sura yake ya kisasa ni Jon Kabat-Zinn. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu, wale ambao madaktari walikuwa wamewaambia hakuna zaidi cha kufanya. Kozi yenyewe siku hizi ni ya wiki nane. Hakuwaahidi kwamba maumivu yangeondoka. Aliwafundisha kuyaangalia bila kuyakimbia, na kuona kwamba maumivu ni kitu kimoja, na hadithi tunazojisimulia juu ya maumivu ni kitu kingine. Mwaka 1985 yeye na wenzake wakatoa taarifa kuhusu kazi waliyofanya na wapiga makasia, wa vyuo na wa timu ya Olimpiki ya Marekani. Nilipofika hapo nilitabasamu. Sisi tuliokulia pembeni ya ziwa hili tumeona mashindano ya mitumbwi. Tunajua mtumbwi haushindi kwa misuli ya mtu mmoja, na tunajua kinachotokea pale mmoja wao anapoanza kuwaza mstari wa mwisho na kasia lake likaachana na la mwenzake.

Kuna mwingine ambaye wasichana wangu walimpenda zaidi, kwa sababu habari zake zinapita kwa Michael Jordan na Kobe Bryant. George Mumford alisoma chuo hichohicho cha Massachusetts akitamani kucheza kikapu, majeraha yakamtoa uwanjani, dawa za maumivu zikamfikisha kwenye heroini. Tafakuri ilikuwa sehemu ya safari yake ya kutoka huko. Baadaye kocha Phil Jackson alimpeleka kwa Chicago Bulls, na baadaye Lakers, kuwakalisha kitako watu wenye urefu wa mita mbili na kuwafundisha kupumua. Nilipowasimulia, senta wetu aliuliza, "Na Simbu naye alifundishwa hivyo?" Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Lakini tuliiangalia tena ile video ya Tokyo, Septemba 2025, marathoni ya ubingwa wa dunia: Alphonce Simbu yuko nyuma ya Mjerumani, kilomita 42 zimekwisha, zimebaki hatua chache, na anampita kwa sekunde 0.03. Tuliirudia mara nne. Hakuna aliyekuwa anajifunza lolote, tulikuwa tunafurahi tu.

Kabla sijasimulia tulivyofanya, niseme kwa nini nadhani mambo haya yanamfaa mwanamichezo, maana mwanzoni hata mimi nilidhani ni kupumzika tu kwa jina la kifahari.

Muangalie mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya lita ishirini kichwani, haishiki, anaongea na mwenzake, anacheka. Sasa mwambie aangalie shingo yake inafanya nini. Maji yatamwagika. Shingo inajua kazi yake, na kinachoiharibu ni msimamizi aliyeingia ghafla. Mfungaji aliyerusha mpira maelfu ya mara ana mkono unaojua. Presha ikimpanda, akili inakuja kusimamia mkono, inaukata mrusho vipandevipande, kiwiko, kifundo, vidole, na kile kilichokuwa kitu kimoja kinakuwa vinne visivyoelewana. Hicho ndicho kilichonipata Dodoma.

Halafu kuna hili la "usikose". Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia kichwani. Kengele hazikunyamaza. Cha ajabu zaidi, wale walioanza kwa kumkataza ndio ambao baadaye, waliporuhusiwa, alijaa vichwani mwao kuliko wenzao. Nilijaribu na wasichana kwa kiboko mweupe, kwa kuwa dubu huku kwetu ni wa kwenye biskuti. Dakika moja tu, na walishaanza kuangua kicheko. Sasa fikiria kocha anayempigia kelele mfungaji wake "usikose, usikose". Ili akili itii amri hiyo lazima ishikilie picha ya kukosa, iwe inaitazama kila mara kuhakikisha haimo.

Kwa hiyo kufukuza mawazo hakusaidii, na kuyasimamia hakusaidii. Kilichobaki ni kuyaona yakipita na kurudi ulipokuwa. Aliyenielezea vizuri kuliko vitabu vyote ni WD wetu, aliyekulia Magu akichunga ng'ombe na kaka zake. Wiki ya pili alisema, "Kocha, ni kama kuchunga. Ng'ombe kuingia shamba la watu si kosa lako. Kosa ni uwe hujamuona." Tangu siku hiyo, akikaa kufanya zoezi na akili ikatoroka, haiiti "kushindwa". Anaswaga.

Ilibidi tupate jina. Taamuli ni neno zuri la vitabuni, lakini ukilitaja uwanjani watu wanadhani ni mtu kutoka Pwani. Umakini nao umechoka, tunausikia kwenye kila kikao cha idara. Jina lilikuja lenyewe jioni moja GA alipochelewa, akapita akipeana mikono na wenzake: "Upo?" "Nipo." "Upo?" "Nipo." Nikasimama na filimbi mdomoni. Swali hili tunaulizana mara kumi kwa siku na mara kumi tunajibu uongo. Nipo, anasema mtu ambaye akili yake iko kwenye kodi ya chumba. Nipo, anasema mwanafunzi ambaye kichwa chake kiko kwenye matokeo yatakayobandikwa Ijumaa. Tunao hata msemo wake, yupo hayupo, na hatuufanyii kazi yoyote zaidi ya kusengenyea.

Basi likawa zoezi. Kabla ya mpira, dakika kumi na mbili, siku tatu kwa wiki, tunakaa kwenye kanga chini ya mwembe. Mgongo umenyooka bila kukakamaa. Unasikiliza pumzi inapoingia na inapotoka. Huibadilishi, unaiangalia tu. Ukijikuta uko kwenye simu ya mtu, unarudi. Mwishoni naita herufi moja moja: "GS, upo?" Na sharti ni kwamba hujibu mpaka umesikia nyayo zako mbili zikiwa ardhini. Kuna majibu mawili tu, "Nipo" na "Bado". Bado inaruhusiwa, hata siku ya mechi. Hili nililiweka kwa bahati, na nadhani ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyofanya, kwa sababu timu nyingi nilizozijua mimi hazikuwa na nafasi ya mtu kusema bado.

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho. Korongo wawili walitua jirani na jalala, wale wa upara na mfuko shingoni wanaozurura mpaka Kirumba Mwaloni kutafuta utumbo wa samaki, wakaanza kugonga midomo. Mtu mmoja akacheka, wote wakafuata. GK akalala kabisa akakoroma. Nilikuwa na hasira, nikakumbuka kwamba nami nilisinziaga magotini, nikanyamaza.

Wiki ya pili nikapigiwa simu na mama wa mmoja wao, kutoka Sengerema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnawafundisha wasichana kuita mapepo."

Ningeweza kumwambia ni mazoezi ya viungo tu. Nikaona nimwambie kweli: kwamba mizizi ya jambo hili iko Asia, kwa wafuasi wa Buddha, kwamba Mmarekani aliyelileta hospitalini alijifunza kwa walimu wa huko, na kwamba kilichobaki baada ya yeye kuondoa ibada ni kukaa na kuangalia pumzi. Akawa kimya kidogo.

"Kwa hiyo wanakaa tu?"

"Wanakaa tu, mama."

"Na wakikaa wanasema nini?"

"Hawasemi kitu."

"Basi wangu akikaa, amwombe Yesu."

"Akipenda, mama, hakuna shida."

Sijui binti alifanya lipi kati ya mawili, na si kazi yangu kujua. GA wetu, ambaye ni Mwislamu, alinitazama kama mtu anayeshangaa mtu mzima kugundua jua: "Kocha, si ndiyo khushuu hii? Unaswali huku unajua unaswali." Nikamwambia ndiyo, iko jirani sana na hiyo, ila hapa tunamalizia kwa kurusha mpira.

Kosa langu lilikuja wiki ya tatu. Nilitaka kuwafanyia kitu kizuri. Jumamosi asubuhi nikawapeleka Luchelele, ufukweni, kabla jua halijachachamaa. Ziwa limetulia, mitumbwi ya dagaa inarudi taa zikiwa zimeshazimwa, mawe makubwa yametulia juu ya mawe mengine kama kawaida yake. Nikawaambia wafumbe macho wasikilize maji. Kila kitu nilichokuwa nimesoma kilisema hivyo: sauti ya mawimbi inatuliza.

Dakika haikuisha, GD akainuka. Hakuaga. Akachukua viatu mkononi akapanda juu barabarani, akakaa kwenye benchi la bodaboda akatupa mgongo. Nilidhani ni utovu wa nidhamu. Nilimaliza zoezi, nikamfuata nikiwa na maneno yangu tayari, na ni senta aliyenivuta mkono njiani akaniambia, "Kocha, yule ni wa Ukara."

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikitoka Bugolora kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwani Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Ilikuwa siku ya gulio. GD alikuwa na miaka kumi na minne. Kivukoni walikuwamo shangazi yake na binamu zake wawili. Nchi nzima ilitangaziwa maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, kisha sisi wengine tukaendelea na maisha, na mimi nikampeleka mtoto huyo kwenye maji yaleyale nikamwambia afumbe macho asikilize.

Nilimwomba radhi kesho yake, mbele ya mlango wa bweni. Akasema si kosa langu. Akasema maji ayaonapo hana shida nayo. Akifumba macho ndipo yanapoongea. Nimesoma baadaye, na walimu makini wa mazoezi haya wanalisema waziwazi: kwa mtu aliyepitia jambo zito, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kumrudisha palepale alipokuwa anapakimbia, na hapo kumwambia "endelea, vumilia" ni ukatili. Tukabadilisha. Macho wazi kwa anayetaka, na hakuna anayeulizwa sababu. Asiyetaka pumzi anashika mpira mapajani na kusikia vile vipele vya ngozi yake chini ya vidole. Anayetaka kutembea anatembea, hatua moja baada ya nyingine, uzito unatoka kisigino unaelekea vidoleni. GD alichagua mpira. Ufukweni hatujarudi.

Sasa mfungaji. Sekunde tatu ni chache mno kwa mafundisho, kwa hiyo kazi kubwa tuliifanya kabla ya kudaka. Anapokuwa anahangaika kumtoroka beki, pumzi inapanda kifuani. Tulimzoeza kuitoa ndefu kidogo kila mpira unapokuwa mbali, kwa sababu ya kimwili kabisa: moyo hupiga kwa kasi kidogo unapovuta hewa, na hupunguza unapoitoa. Kisha akidaka, kitu kimoja tu: nyayo. Sio kiwiko wala pete wala mama. Nyayo ziko chini, macho yanakwenda ukingo wa nyuma wa pete, mkono unaachiwa ufanye kazi yake. Akikosa, anasema kimoyomoyo "upo?", na hapo mimi nimekatazwa kufungua mdomo. Walinikataza wao, kwa kura. Nimegundua kwamba robo ya mazoezi yote haya ilikuwa ya kwangu: kukaa pembeni ya kiwanja, kuona hofu yangu ya Dodoma ikinipanda, na kutoirusha kwa msichana mwingine.

Je, alianza kufunga? Nina daftari la magoli, nitasema linavyosema. Wiki tatu za kwanza hakukuwa na badiliko la kutajwa. Wiki ya tano akaanza kufunga kwenye mechi kama anavyofunga mazoezini, na hajarudi nyuma sana tangu hapo. Mimi nilikuwa tayari kuandika makala hii siku hiyohiyo, hadi senta, ambaye angefaa kuwa mkaguzi wa hesabu, aliponikumbusha kwamba wiki ya tano ndiyo bumu lilipoingia. Walikuwa wamekaa muda mrefu wakisubiri fedha za kujikimu, wengine wanakula mlo mmoja, na mfungaji wangu alikuwa akila maandazi mawili na chai ya rangi hadi jioni. Fedha ikaingia, akala wali na samaki, akafunga. Nani atagawa sifa hapo, nyayo au sato?

Nalitaja hili kwa sababu naona hatari inakuja. Viongozi wakishajua kuna kitu cha bure kinachoitwa utulivu wa akili, watakipenda kupita kiasi. Mwanafunzi ana njaa, mfundishe kupumua. Ratiba ya mtihani imegongana na mechi na hakuna aliye tayari kusogeza hata kimoja, mfundishe kupumua. Kocha anatukana wachezaji mbele ya watu, wachezaji wafundishwe kupumua. Hapana. Kuna mambo ambayo ukiyaangalia kwa utulivu unaona wazi kwamba yanatakiwa kubadilishwa, na pengine faida mojawapo ya zoezi hili ni kwamba unakuwa na utulivu wa kwenda kugonga mlango wa mtu na kumwambia.

Na kuna mambo yanayohitaji daktari. Mmoja wa wachezaji wangu aliacha kuja mazoezini, halafu akaacha kuja darasani. Mwenzake wa chumba alisema halali usiku, halafu kutwa hatoki kitandani, chakula hataki. Kwenye timu walishaanza maneno: amerogwa, ameachwa, anaringa. Ilikuwa sonona, kama ilivyojulikana baadaye. Sikumkalisha chini ya mwembe. Nilikwenda naye Bugando, ambako kuna idara ya afya ya akili kama ilivyo ya mifupa, tukapanda bajaji hadi kule mlimani, tukakaa foleni pamoja na watu wengine. Njiani aliniuliza kama wachezaji wakubwa nao huwapata. Nikamsimulia Simone Biles, aliyejitoa katikati ya fainali ya timu Olimpiki ya Tokyo, 2021, kwa sababu akiwa hewani akili na mwili vilikuwa vimepotezana na hajui chini ni wapi. Akatibiwa, akapumzika, akarudi Paris 2024 akaondoka na dhahabu tatu. Hakujibu kitu. Sasa anatumia dawa na anaonana na mshauri. Mazoezini amerudi kama mtunza alama, kwa ombi lake mwenyewe, na anaandika vizuri kuliko mimi.

Utafiti ninaouamini zaidi katika haya yote ni wa Chuo Kikuu cha Miami, uliotoka 2017, labda kwa sababu hauna majigambo. Walichukua wachezaji 100 wa ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, wakati wa mazoezi makali ya kabla ya msimu. Kundi moja likafundishwa kuwapo, jingine likafundishwa kulegeza misuli na kupumzika, wiki nne. Matokeo hayakuwa kwamba watu walipata akili mpya. Umakini wa wachezaji ulishuka, kwa kuwa mazoezi makali huchosha kichwa kama yanavyochosha mapaja. Ila wale waliofanya zoezi la kuwapo kwa bidii, sio wale waliohudhuria tu, umakini wao ulishikilia vizuri zaidi. Na kwa upande wa hisia, waliojituma walinufaika katika makundi yote mawili. Yaani ni kama pushapu. Kuijua hakukusaidii, inabidi uipige.

Kombe hatukuchukua. Tulitolewa nusu fainali kwa magoli matatu, na mfungaji wangu alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi. Kwenye basi niliwanunulia mahindi.

Mwezi uliopita tulialikwa mechi ya kirafiki Nansio, kisiwani Ukerewe. Tulijadili kupitia wapi, ingawa hakuna cha kujadili sana: lazima maji yavukwe. Nilimwita GD pembeni nikamwambia asipotaka kuja hakuna atakayemuuliza. Akanitazama kwa huruma. "Kocha, mimi navuka kila likizo. Nitafikaje nyumbani?" Mtu wa kisiwani hana anasa ya kukataa ziwa.

Meli ilipoondoka Mwanza alikwenda kukaa katikati, akayapa maji mgongo. Niliona midomo yake ikicheza, nikadhani anaomba. Alikuwa anahesabu maboya ya kuokolea yaliyoning'inizwa juu ya viti. Akimaliza anaanza upya. Nikakaa karibu yake nikiwa na mafundisho yangu yote, ya Massachusetts na ya Miami, na sikuona hata moja linalozidi kuhesabu maboya. Wenzake walikuwa juu wakipiga picha na upepo. Tulipopita katikati, maji yakaanza kupiga ubavu, nikamuuliza taratibu:

"GD, upo?"

Alimaliza kwanza safu aliyokuwa anaihesabu.

"Bado, kocha. Niulize Nansio."

Nansio nilisahau kumuuliza. Nilipofika kwenye gati alikuwa ameshanitangulia mbali, mfuko wa mipira begani, akibishana na kijana wa bodaboda kwamba kutoka hapo hadi kiwanjani hajawahi kulipa buku mbili na hataanza leo.